Fundi wa spika wa Makoroboi, Mwanza: anapima kwanza, anakata waya baadaye

Bei kwanza, maana najua ndiyo mnayoitafuta. Waya wa spika wa shaba tupu, nyekundu na nyeusi, wa milimita za mraba 1.5, nilinunua kwa shilingi 2,800 kwa mita. Wa 2.5 ulikuwa 4,500. Ufundi wa kufunga spika nne, mbili sebuleni na mbili barazani, pamoja na kutoboa ukuta na kuweka bomba, tulianza kwenye 120,000 tukaishia 80,000. Plagi za banana, vile vichomeo vya kufunga kwenye ncha za waya, zilikuwa nje ya bei hiyo. Risiti ya waya nilipewa dukani. Ya ufundi niliandikiwa kwenye karatasi iliyochanwa kwenye daftari, na mtu wa hesabu hatafurahi nayo.

Ningemwita tena? Ndiyo, ila kuna mambo ya kumsimamia, nitayataja huko mbele.

Mimi ni mwalimu mstaafu, nimefundisha fizikia sekondari mpaka nywele zikageuka rangi. Naishi Kitangiri, kwenye nyumba iliyoegemezwa jiwe. Wenyeji wa Mwanza wanaelewa: ukuta wa nyuma wa sebule unatazamana na mwamba, nafasi kati yake inapita mtu mmoja akijibana, na baraza iko upande wa pili ambako upepo wa ziwa unafika jioni. Amplifaya yangu ni ya Kijapani, ina umri mkubwa kuliko mwanangu wa mwisho, na nyuma yake kuna sehemu za kufunga jozi mbili za spika, A na B. Spika za sebuleni ni za omu 6 (omu ni kipimo cha ukinzani, yaani jinsi kitu kinavyozuia umeme). Za barazani, ambazo aliniachia mdogo wangu alipohamia Bukoba, ni za omu 8. Nasikiliza dansi la zamani, kwaya, na taarifa ya habari ya saa mbili usiku.

Kabla ya fundi huyu alikuwepo mwingine, aliyeletwa na duka moja la vifaa vya umeme mjini ambalo silitaji. Alifunga, akapokea hela, akaondoka. Tangu hapo muziki ulikuwa mpana lakini hauna kifua. Gitaa la solo lilisikika, besi ilikuwa kama imesafiri. Na mwimbaji hukuweza kujua amesimama wapi. Sauti yake ilizagaa chumba kizima, ukigeuza shingo inahama. Niliporudi dukani kueleza, kijana wa kaunta akaniletea waya mwingine, mnene, umevikwa wavu unaometameta, una mishale iliyochorwa kuonyesha muziki unakopita. Shilingi 45,000 kwa mita. Nikamwuliza mshale unafanya kazi gani wakati mkondo unaokwenda kwenye spika ni wa kwenda na kurudi, hezi 50 ni mara 50 kwa sekunde. Akasema, "Mama, wateja wanausifia." Nikamshukuru nikatoka.

Fundi wa Makoroboi nilielekezwa na jirani anayefunga vipaza sauti kanisani. Meza yake iko kwenye kibaraza cha duka la mtu, katikati ya wauza chaja na wauza viatu, juu yake redio zimefunuliwa matumbo. Sitaandika jina wala namba yake, hakuniruhusu na sikumwomba. Ukifika Makoroboi uliza anayefunga koili za spika, utaonyeshwa.

"Shikamoo mwalimu." Alikuwa ameshaambiwa na jirani.

"Marahaba. Sauti yangu haina besi."

Fundi mwingine hapo angeniuzia sabufa. Zilikuwepo pembeni yake, zimeandikwa wati 10,000 kwenye boksi, ilhali kibandiko cha nyuma kinasema zinakula wati 60 kutoka ukutani. (Wati zinazotoka haziwezi kuzidi zinazoingia, lakini hilo nimelisema miaka mingi darasani na boksi bado zinachapishwa.) Yeye aliuliza maswali matatu: waya una urefu gani, unene gani, na nyuma ya spika pameandikwa omu ngapi. Kisha akasema hawezi kusema lolote mpaka aje kuona. Hapo nikaanza kumwamini.

Alipokuja, kitu cha kwanza alichotoa kwenye begi kilikuwa betri ndogo ya redio, ya volti 1.5. Akachomoa waya zote mbili nyuma ya amplifaya, akavua vitambaa vya mbele vya spika, akaniambia niweke macho kwenye wufa, ile karatasi kubwa inayotoa besi, ya kushoto. Akagusisha waya wenye mstari kwenye chanya ya betri na mwingine kwenye hasi, mguso wa haraka, akaachia. Wufa ikasogea mbele, ikatoa mlio mdogo, ikarudi. Akaenda kwenye waya za spika ya kulia, akafanya vilevile. Wufa ikaingia ndani. Nilikuwa nimeinama, kidole changu kiko pembeni ya ile karatasi, na niliisikia kabisa ikinikwepa na kurudi nyuma badala ya kunijia. Akarudia nione vizuri. Kushoto inatoka, kulia inaingia.

Yaani fundi wa lile duka alikuwa amegeuza waya upande mmoja, chanya kwenye hasi. Spika zote mbili zinalia, hakuna kinachoungua, na asiyejua atasema iko sawa. Lakini besi inapopigwa, spika moja inasukuma hewa wakati nyingine inaivuta. Wimbi la hezi 50 lina urefu wa karibu mita saba, na spika zangu ziko mita mbili na nusu tu kutoka moja hadi nyingine, kwa hiyo kwa sauti nzito ni sawasawa na kusukuma na kuvuta mahali pamoja: zinauana. Sauti nyembamba zina mawimbi mafupi ya sentimita chache, haziuani zote, ndiyo maana gitaa lilibaki na besi ikapotea. Akageuza nyaya mbili, akapiga wimbo uleule. Mwimbaji akaja kusimama katikati ya kabati, na besi ikarudi nyumbani. Hilo halikunigharimu hata senti, kwa sababu fundi alilifanya kabla hatujapatana bei.

Kama una betri, jaribio hilo unaweza kulifanya mwenyewe. Angalizo: mguso tu, usiishikilie betri pale, na waya uwe umetoka kabisa kwenye amplifaya. Halafu ukipima omu za spika kwa multimita, kile kipimo cha umeme cha mafundi, usishangae ikikuonyesha namba ndogo kuliko iliyoandikwa. Spika zangu za omu 6 zilisoma 4.9. Multimita inapima koili kwa mkondo wa moja kwa moja. Ile 6 ni ukinzani wa muziki ukiwa unapita, tena ni namba ya kukadiria tu, maana hupanda na kushuka kadiri noti zinavyobadilika.

Tukahamia kwenye waya. Ule wa zamani ulikuwa mwembamba, wa nusu milimita ya mraba, unaofaa kengele ya mlangoni. Kwenda spika ya kulia ulizunguka mlango kwa mita tisa. Fundi anasema kwa uzoefu wake "huo unakula sauti". Mimi nilichukua kalamu. Shaba ina ukinzani wa karibu omu 0.0172 kwa kila mita ya waya wa milimita moja ya mraba. Mita tisa kwenda, tisa kurudi, ni kumi na nane. Gawa kwa nusu. Unapata omu 0.62. Kwenye spika ya omu 6 hiyo ni zaidi ya asilimia kumi. Kanuni inayotumika sana ni waya usizidi asilimia tano ya spika. Siyo kwamba sauti inapungua sana kwa jumla, ungeongeza tu kitufe. Tatizo ni kwamba ukinzani wa spika unapanda na kushuka, kwa hiyo waya mwembamba unanyang'anya kidogo hapa na kingi pale, na rangi ya sauti inabadilika.

Hapa ndipo nilipotegemea aniuzie waya mnene kuliko wote. Akasema sebuleni unatosha wa 1.5. Nikapiga hesabu mbele yake: omu 0.21, asilimia tatu na nusu. Unatosha kweli. Wa 2.5 angeuza kwa bei ya juu na nisingesikia tofauti. Barazani, ambako waya unatoka sebuleni, unapita nyuma ya nyumba kando ya jiwe, unapanda chini ya bati na kushukia nguzo, mita ishirini kwa spika ya mbali, hapo ndipo alipodai 2.5. Wa 1.5 ungefika omu 0.46 na kuvuka ile asilimia tano ya spika ya omu 8. Wa 2.5 unabaki kwenye 0.28. Fundi hakuwa na kalamu wala simu mkononi, alikisia tu, na alikisia sawa.

Kushoto mita nne, kulia mita tisa. Nilimwuliza kama hatakiwi kuzilinganisha, maana nimesikia watu wanakunja mita tano za ziada nyuma ya kabati ili pande zote ziwe sawa. Akacheka. Kwa wanaopenda hesabu: umeme unachelewa kwenye mita tano kwa nanosekunde kama 25, na katika muda huo sauti hewani haijatembea hata sehemu moja ya mia ya milimita. Ukisogeza kiti umeharibu zaidi. Hela za mita tano nikanunulia mkaa.

Duka la waya alinipeleka yeye, mtaa wa pili kutoka kwenye meza yake. Sitalisifu wala kulilaumu duka, ila kilichotokea pale kinafaa kujulikana. Muuzaji alishusha roli mbili, zote nyekundu na nyeusi, zote zimeandikwa 2.5, moja 2,000 na nyingine 4,500. Fundi akaomba wembe. Akamenya ncha ya lile la bei nafuu, akachomoa uzi mmoja, akaukwangua juu ya kaunta. Ngozi yake ya rangi ya shaba ikatoka, ndani pakabaki peupe. Alumini iliyopakwa shaba. Akawasha kiberiti cha gesi, akaupitisha uzi mwingine kwenye moto: ukalegea na kukatika. Uzi wa lile roli la pili ulikuwa mwekundu mpaka ndani, na motoni ukang'aa tu. Shaba inayeyuka kwenye nyuzi 1,085, alumini kwenye 660. Muuzaji hakubisha, alisema tu, "Hiyo ni ya wale wanaotaka rahisi."

Sasa, alumini iliyopakwa shaba siyo sumu. Ina ukinzani wa karibu mara moja na nusu ya shaba, kwa hiyo ukiinunua kwa unene wa juu zaidi inafanya kazi. Lakini inakatika haraka ukiikunja, na karibu na ziwa, hewa ikiwa na unyevu, ncha zake zilizo wazi hupata kutu nyeupe pale zinapobanwa na chuma kingine. Kosa liko kwenye kuandika 2.5 na kumwacha mtu aamini amepata shaba. Beba wembe. Au pima kwa mkono: roli la shaba ni zito, utalijua ukilinyanyua, maana shaba ina uzito zaidi ya mara tatu ya alumini.

Spika zangu za sebuleni zina vifungio vinne nyuma badala ya viwili: viwili vya wufa, viwili vya twita (kile kispika kidogo cha sauti nyembamba), vimeunganishwa na vibati vya rangi ya dhahabu. Lile duka la mwanzo lilikuwa limeniambia zinadai waya mara mbili, jozi ya juu na jozi ya chini, la sivyo "nazibana". Fundi aliviangalia vile vibati, akakishika cha juu kulia, kikacheza. Skrubu ilikuwa imelegea. Twita ya upande ule ilikuwa inakohoa mara kwa mara, na mimi niliidhani imechoka. Akavitoa vyote, akavifuta kwa spiriti, akavipitishia msasa laini, akavikaza kwa mkono. Twita ikanyamaza kukohoa. Kuhusu waya mara mbili alisema, "Mwalimu, ukitaka nikufungie nakufungia, hela yako." Waya zote mbili zinaanzia sehemu ileile ya amplifaya na zinaishia kwenye spika ileile, kama waya mmoja una unene wa kutosha, wa pili hauongezi kitu ambacho sikio langu litakilipia. Vibati vikabaki.

Kazi yenyewe iliyonitoa jasho ilikuwa ya spika za barazani, na hapa nataka mnisikilize kwa sababu naona nyumba nyingi zinafanya. Watoto wangu wakija Krismasi wanataka muziki usikike sebuleni na barazani kwa pamoja. Amplifaya ina A na B, na ina kitufe cha A+B. Kwa nini nisibonyeze tu?

Fundi aligeuza amplifaya, akapangusa vumbi, akanionyesha maandishi madogo: A au B peke yake, omu 4 hadi 16, A na B kwa pamoja, omu 8 hadi 16 kila moja. Amplifaya yangu, ukibonyeza A+B, inaziweka jozi mbili sambamba. Zidisha 6 kwa 8, gawa kwa jumla yake 14, unapata 3.4. Iko chini hata ya 4. Ukinzani ukishuka, mkondo unapanda, transista za kutoa sauti zinachemka, na siku ya sikukuu, madirisha yamefungwa kwa ajili ya mbu na sauti iko juu, ama itajikata yenyewe ama itaungua. Transista za amplifaya ya umri ule kuzipata halisi ni bahati nasibu, bandia zimejaa.

Njia ya pili ni kuzifunga kwa mfuatano, mafundi wanasema siriizi: 6 na 8 zinakuwa 14, amplifaya inapumua. Kuna fundi wa mtaani kwetu hufunga hivyo kila nyumba. Ni salama, nakubali. Lakini spika mbili tofauti zikifuatana kwenye mstari mmoja zinagawana umeme kwa kadiri ya ukinzani wa kila moja kwa noti ile, na ukinzani wenyewe hautulii. Ya barazani ikipanda kwenye besi, ya sebuleni inanyimwa. Tulijaribu kwa nyaya za kuunganisha kwa muda, nikakaa sebuleni. Besi ilivimba kwenye noti mbili tatu, kwingine ikalegea, na sauti kwa jumla ikashuka mpaka nikaongeza kitufe kupita nilipozoea. Nikasema toa.

Njia ya tatu ni kutumia A au B, siyo zote. Bure kabisa, na kwa mtu anayeishi peke yake mwaka mzima ingetosha.

Tulichofanya ni ya nne. Fundi alikuwa na amplifaya ndogo ya mtumba, saizi ya kamusi, akaniuzia 70,000. Tukaiweka kwenye kabati lilelile pembeni ya ile kubwa, tukachukua sauti kutoka matundu ya kurekodia ya amplifaya kubwa kwa waya wa RCA (ule unaopeleka sauti kutoka mashine moja hadi nyingine) wa mita moja, na kutoka kwenye ile ndogo ndiyo tukavuta waya mnene hadi barazani. Faida zake: kila jozi ina amplifaya yake na omu zake, na matundu ya kurekodia hayafuati kitufe cha sauti, kwa hiyo barazani wanaweza kupiga kelele wakati sebuleni nimeshusha sauti kabisa. Mjukuu wangu aliuliza kwa nini ile ndogo tusiiweke barazani kwenyewe. Swali zuri. Waya wa RCA unabeba umeme mdogo sana. Ukiuvuta mita ishirini kando ya waya za taa, utaokota mvumo njia nzima na amplifaya itaukuza. Waya wa spika unabeba umeme mkubwa, mvumo huo hausikiki. Kwa hiyo mwembamba uwe mfupi, mnene uwe mrefu. (Mjukuu mwenyewe angependa spika moja ya bluetooth na yaishe. Anaruhusiwa, nyumbani kwake.)

Uvutaji wa waya nyuma ya nyumba aliufanya vizuri kuliko nilivyotarajia. Kila kitu kimo ndani ya bomba, kwa sababu pale kwenye jiwe jua la mchana linakausha mpira na panya wana makazi yao. Palipokuwa na waya wa umeme aliacha nafasi ya kama futi moja, na alipolazimika kuvuka njia ya waya huo aliivuka kwa pembe mraba. Midomo ya bomba aliielekeza chini ili maji ya mvua yasiingie.

Na kuna jambo moja alilofanya bila malipo ambalo, nikisema kweli, limenipa sauti nyingi kuliko waya wowote. Alinisogezea spika. Zilikuwa zimesukumwa ukutani, moja kwenye kona, na kona inavimbisha besi. Akazitoa mpaka nafasi ya kama sentimita 60 nyuma yake, akapima kwa hatua mpaka umbali kati ya spika na spika ukalingana na umbali wa kila moja hadi kwenye kiti changu, akaziinua juu ya vistuli ili twita zilingane na masikio yangu nikiwa nimekaa. Sebule yangu ina vigae sakafuni, sauti inadunda. Akaniambia nirudishe zulia nililoliondoa. Nililirudisha jioni ileile.

Sasa lawama. Kwanza, "kesho asubuhi" yake ni alasiri, na simu siku hiyo huwa haina chaji. Pili, aliacha vumbi la ukuta kwenye kabati langu la vyombo na akaniaga nalo likiwepo. Tatu, tulibishana kuhusu lehemu. Alitaka kuzamisha ncha za waya kwenye risasi ya kulehemu kabla ya kuzikaza na skrubu, anasema zinakuwa imara. Zinakuwa imara siku ile. Lehemu ni laini, ikibanwa na skrubu muda mrefu inajisogeza kidogo kidogo na mkazo unalegea, ndicho hasa kilichoipata ile twita kwa njia nyingine. Nilimkatalia. Alinuna, akasema amefunga hivyo tangu anajifunza kazi. Mwishowe tukatumia plagi za banana kwenye amplifaya na kwenye spika, na hiyo ndiyo sababu ya gharama ya ziada niliyoitaja. Mkimwita, msimwache azamishe ncha zinazokwenda kwenye skrubu.

La nne ni zito zaidi. King'amuzi cha televisheni kikiunganishwa na amplifaya, pana mvumo. Ukichomoa waya wa dishi unaondoka. Hiyo ni njia ya ardhi ("earth") iliyojifunga duara kati ya dishi na soketi, siyo waya wa spika, na ina dawa. Fundi alibadilisha waya wa RCA, akabadilisha soketi, akapunguza sauti, akasema "umepungua". Haujapungua. Kwenye mambo ya spika ni bingwa, kwenye mvumo wa king'amuzi tafuteni mtu mwingine. Nami bado natafuta.

Radi pia. Alinisisitizia mawingu yakianza kujikusanya juu ya ziwa usiku nichomoe plagi za ukutani na zile banana za barazani, kwa sababu mita ishirini za waya nje ya nyumba zinapokea mshtuko hata radi ikipiga mbali. Kwa ukanda huu, ambao ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa radi sana duniani, siyo ushauri wa kupuuza. Plagi za banana zimenilipa hapo, natoa nne gizani kwa kupapasa.

Ukienda kumwona, nenda kabla ya saa nne asubuhi, baada ya hapo meza inazungukwa. Uwe umepima njia ya waya kwa kamba, ukifuata kila kona na fremu ya mlango, siyo kwa macho. Piga picha maandishi ya nyuma ya amplifaya na ya nyuma ya spika. Yeye huongeza mita moja kila upande juu ya kipimo chako na hakuulizi. Mwache aiongeze, utaihitaji siku ukihamisha kabati.